Pingu nizifunge raundi ya ngapi?

Mjomba, shikamoo. Nakuandikia Agosti 2025.

Mimi ni mtu wa Tanga, miaka 34, naishi Columbus, Ohio, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Najua wengi wanakuandikia mambo ya ndoa na mirathi, na langu huenda wakaliona la kitoto. Lakini limeninyima usingizi, na usingizi wenyewe naupata mchana tu, kwa hiyo nivumilie.

Kazini tuna ligi ya fantasi: kila mtu anachagua wachezaji wa kweli, na wanachofanya uwanjani kinampa yeye pointi. Si ile ya Ligi Kuu ya Uingereza ambayo kule nyumbani kila kijana anayo kwenye simu. Yetu ni ya futiboli ya Kimarekani, NFL. Tuko watu 12, kila mmoja anatoa dola 50. Tofauti yake kubwa na ile ya Uingereza ni kwamba huku mchezaji ana mwenyewe mmoja tu. Kule Salah anaweza kuwa kwenye timu zote za kijiweni kwenu. Huku nikishamchukua mimi, wewe humpati mpaka nimwache au tubadilishane. Ndiyo maana kuna drafti. Tunakaa pamoja, tunachagua kwa zamu, raundi 15, na aliyekuwa wa mwisho raundi ya kwanza ndiye anayeanza ya pili, tunarudi hivyo hivyo kama nyoka. Tisa wanacheza, sita wanakaa benchi.

Nafasi inayoumiza vichwa ni ya wakimbiaji, wale wanaokabidhiwa mpira mkononi na kujitosa katikati ya watu wa kilo 140. Wanaleta pointi nyingi na wanaumia sana. Kila mmoja ana msaidizi wake. Bwana mkubwa akiwa mzima, msaidizi hana faida kwako. Bwana akivunjika, msaidizi anaamka tajiri. Wamarekani wakiona umemchagua msaidizi wa mkimbiaji wako mwenyewe wanasema umefunga pingu. Nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana kwetu pingu ni za maisha na hufungwa kwa mahari na pilau.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Msimu wa 2024 kura iliniangukia nafasi ya kwanza. Nikamchukua Christian McCaffrey wa San Francisco, na watu wengi wangefanya vivyo hivyo: msimu wa nyuma yake alikimbia yadi 1,459, hakuna aliyemfikia, na tachidauni 21 kwa jumla (tachidauni ni kama bao letu). Na pingu nilifunga, Mjomba! Raundi ya tisa nikamchukua Elijah Mitchell, aliyekuwa akitajwa kuwa ndiye msaidizi. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Mwisho wa Agosti, ligi haijapigwa hata mechi moja, Mitchell akawekwa kwenye orodha ya majeruhi kwa msimu mzima.

Ikaja Jumatatu ya tarehe 9 Septemba. Nilikuwa kwenye gari nje ya ghala, sambusa mkono mmoja, simu mkono mwingine. Saa moja kasoro hivi jioni ikatoka orodha ya wasiocheza: McCaffrey hayumo, mguu unamsumbua. Ile ilikuwa mechi ya mwisho ya wiki. Wachezaji wangu wengine wote walishacheza Alhamisi, Ijumaa na Jumapili, sikuwa na hata mmoja wa kuziba pengo. Aliyeingia uwanjani ni Jordan Mason, ambaye mimi hata sura yake sikuwa naijua. Akapewa mpira mara 28, yadi 147, tachidauni moja. Na Mason alikuwa kwenye benchi la mwenzetu mmoja, nimwite D, aliyemwokota bure siku Mitchell alipotangazwa, mimi nimelala baada ya zamu. Sambusa niliikuta asubuhi kwenye kiti, imeng'atwa mara moja.

Asubuhi ile ile, naondoka kazini, D akaniletea biashara: nipe Nico Collins, mdakaji wako wa pasi, chukua Mason. Nikakubali. Ndiyo, Mjomba, nilikubali. Wiki tano za mwanzo Collins alikuwa moto wa kuotea mbali. Mason naye alinifaa kwa muda, McCaffrey akarudi Novemba, Mason akarudishwa benchi. Kisha tarehe 1 Desemba kule Buffalo, theluji imefunika mistari ya uwanja, wote wawili wakaumia mechi moja: McCaffrey goti, Mason kifundo cha mguu. Wa tatu kwenye foleni, Isaac Guerendo, wiki iliyofuata akafunga tachidauni mbili. Za mtu mwingine.

Nilimaliza mkiani, ushindi tatu kati ya mechi 14. Adhabu ya mkiani kwetu ni kukaa saa 24 kwenye mgahawa mmoja wa wafo, ile mikate bapa yenye vijumba, na kila wafo unayokula inakupunguzia saa moja. Nilikula tisa. Nilitoka baada ya saa 15. Mke wangu alikuja kunichukua, na mpaka leo akichovya mkate kwenye asali ananitazama halafu anageuza uso acheke.

Mwaka huu nina nafasi ya pili. Nimempania Bijan Robinson wa Atlanta. Msaidizi wake ni Tyler Allgeier, anajulikana, hakuna ubishi. Lakini D amesimama kwenye chumba cha mapumziko mbele ya watu akasema: "Allgeier wako nitamchukua kabla yako, halafu utakuja kunipigia magoti." Shemeji yangu, ambaye ligini hayumo ila maoni anayo, ananiambia nimchukue raundi ya saba au ya nane, nilipe, nilale. Mzee mmoja wa Cleveland aliyenifundisha mchezo huu anasema msaidizi wa mtu wako usimchukue kamwe, benchi si kabati la dawa. Drafti ni Jumapili, tarehe 31 Agosti.

Pingu nizifunge raundi ya ngapi?

Mla Wafo, Columbus

*

Marahaba, mpwa wangu Mla Wafo. Pole kwa yote, na hasa kwa ile ya tisa, maana nadhani mpaka ya sita mtu bado anakula na kuanzia ya saba anapambana.

Usijione mtoto. Mwaka 2005 nikiwa Houston nilikuwa na Priest Holmes wa Kansas City. Msaidizi wake alikuwa Larry Johnson, na ilipofika zamu yangu raundi ya sita nilimwangalia kwenye karatasi, nikaona bei ni kubwa kwa mtu wa benchi, nikachukua kwotabeki, yule mrusha pasi. Mwisho wa Oktoba Holmes akaumia. Johnson akamaliza msimu na yadi 1,750 na tachidauni 20 za kukimbia. Kila Jumapili mpaka Krismasi nilimtazama akiwatajirisha watu wengine. Msimu uliofuata nikafunga pingu tatu, kila mkimbiaji wangu na msaidizi wake. Unajua kilichotokea? Hakuna aliyeumia. Benchi langu likajaa watu wa kunywa maji, na wiki timu za wapokeaji wangu wawili, wadakaji wa pasi, zilipokuwa mapumzikoni nilikosa wa kumweka. Kwa hiyo ninayekujibu nimeshafungwa pande zote mbili.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Unauliza raundi. Lakini nikifuata tukio kwa tukio sioni mahali ambapo raundi ndiyo iliyokuangusha. Pingu ulifunga, tena mapema, ila ulifunga kwa Mitchell, na siku ulipomchagua ulikuwa sahihi kama wengine wote. Kilichokuponza kwanza ni tarehe: mlichagua kabla ya mwisho wa Agosti, timu hazijapunguza watu, miguu bado inachanika mazoezini. Cha pili ni usingizi. Mitchell alipoanguka kulikuwa na mtu mmoja wa kuokotwa bure, na aliyekuwa macho alikuwa D. Cha tatu sina haja ya kukitaja kwa sauti. Ulitoka zamu ya usiku mzima, umejeruhiwa tangu jana yake, ukafanya biashara na mtu aliyelala saa nane nzima. Je, Mason angekuwa wako tangu raundi ya tisa, usingemaliza mkiani? Labda. Ila Desemba mosi kule Buffalo angekuwa bado ameumia mechi ile ile na bwana wake, na ungekuwa bado unamtafuta wa tatu.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nami naona unyasi huo kwenye barua yako. Bijan si McCaffrey. Misimu yake miwili ya kwanza, 2023 na 2024, alicheza mechi 17 na tena 17, hakukosa hata moja. Hiyo haimwekei kinga, mguu wa mtu ni mguu wa mtu. Lakini jiulize kama mwaka huu unachagua timu ya 2025 au unairekebisha ile ya 2024. Mimi ile ya 2006 nilikuwa nairekebisha ya 2005, na sikujua mpaka Novemba.

Turudi kwenye drafti, maana hapo ndipo kuna jambo zuri ambalo shemeji yako na mzee wa Cleveland wote wamelipita. Chukua kalamu. Watu 12, wewe wa pili, mnarudi kama nyoka. Chaguo zako ni la 2, 23, 26, 47, 50, 71, 74, 95, 98, 119, 122, 143, 146, 167 na 170. Umeona zinavyokwenda? Ukitoa la kwanza, nyingine zinakuja mbili mbili. Raundi ya nane unachagua la 95, na ya tisa la 98. Katikati yake kuna machaguo mawili tu, na yote ni ya mtu mmoja, yule mwenye nafasi ya kwanza. Kisha kutoka la 98 mpaka la 119 yanapita machaguo 20 ya wenzako.

Kwa hiyo kwako hakuna swali la "ya nane au ya tisa". Kuna swali la kabla ya pengo au baada ya pengo. Kama D si yule wa nafasi ya kwanza, basi ndani ya jozi hawezi kukugusa: unaweza kumchukua mpokeaji kwenye la 95, ukakaa, ukala sambusa yako mpaka mwisho safari hii, ukamchukua Allgeier kwenye la 98, na D anatazama tu. Nafasi yako umenitajia, ya D hukunitajia. Kama ndiye wa kwanza, mambo yanageuka kabisa, na kila jozi yako ina mlango wake yeye katikati. Hilo lijue kabla ya Jumapili.

Sasa kila pengo lina bei yake. Shemeji anataka umchukue kwenye la 74 au la 95. Sipuuzi ushauri wake. Anakuthamini na anataka ulale, na mtu wa zamu ya usiku usingizi wake ni mali. Ila pale kwenye la 74 huwa bado kuna watu wanaocheza kila wiki: mpokeaji wa tatu wako, mkimbiaji anayegawana kazi nusu kwa nusu, kwotabeki mzuri. Ukimchukua Allgeier pale, unamtoa mtu ambaye ungemtumia wiki za mapumziko, unamweka mtu unayeomba usimtumie. Ukingoja jozi ya 98, unachotoa ni kidogo zaidi. Ukingoja mpaka ya 119 na 122, unatoa karibu kitu kisicho na uhakika wowote, lakini machaguo 20 yameshapita, na D, kama si wa kwanza, ana mawili humo. Na jozi ya mwisho ni za mpiga mateke na ulinzi. Wengine huziacha hizo mpaka ligi ianze, wakajaza wasaidizi kwa siku hizo chache wakisubiri habari. Inaruhusiwa kwenye ligi nyingi. Kwenu sijui, uliza.

Halafu tumtazame Allgeier mwenyewe, kwa sababu msaidizi na msaidizi hawafanani. Pale Detroit msimu wa 2024 walikuwapo Jahmyr Gibbs na David Montgomery. Gibbs alikimbiza tachidauni 16 na Montgomery 12. Ukimchukua Montgomery hujafunga pingu, umeoa mke wa pili mwenye nyumba yake. Anakula na kucheza hata Gibbs akiwa mzima kama chuma, na ndiyo maana huchukuliwa mapema. Upande wa pili wako wasaidizi tu, wanaogusa mpira mara tatu kwa mechi. Allgeier yuko katikati, karibu zaidi na hao wasaidizi tu. Mwaka wake wa kwanza, 2022, alikimbia yadi 1,035, Bijan akaja 2023 akamfunika, na 2024 alipata 644. Kazi anaijua na kocha anamwamini. Lakini Bijan akianguka, usitegemee utampata Bijan mwingine. Bijan alidaka pasi 61 msimu wa 2024, na kwenye kudaka Allgeier hayuko karibu naye. Bima hii inalipa sehemu ya nyumba, hailipi nyumba.

Na kuna mvua ambayo bima haiifuniki. Oktoba 2023 kule Tampa, Bijan aliingia kwenye mechi akakabidhiwa mpira mara moja tu. Kichwa kilikuwa kinamuuma, na waliomweka kwenye timu zao walijua wakiwa wameshakaa mbele ya televisheni. Aliyekuwa na Allgeier benchini siku ile alikuwa na pingu mfukoni na ufunguo haupo. Ulichopata Jumatatu ya McCaffrey, na Allgeier ukiwa naye, kinaweza kukupata tena Jumapili yoyote saa saba mchana.

Mzee wa Cleveland namheshimu, na hoja yake ina uzito kuliko ulivyoiandika. Nadhani anachosema ni hiki. Ukimshika msaidizi wa mtu wako na mtu wako akaumia, umeziba shimo. Uko pale pale au chini kidogo. Ukimshika msaidizi wa mtu wa D na yule wa D akaumia, Bijan bado unaye na umeongeza mkimbiaji wa pili bila kulipa. Nafasi ile ile ya benchi, msaidizi yule yule, lakini wa jirani anakupandisha na wa kwako anakuzuia usizame. Wanaocheza kutafuta ubingwa hupenda ya mzee. Hatari yake ni kwamba Bijan akianguka Oktoba, huna kitu, na utakuwa unaangalia kwa macho kama nilivyoangalia mimi. Tena ya mzee inamtaka mtu aliye macho siku ya kuokota wachezaji huru, wale wasio na mwenyewe ligini. Hapo nilidhani nakuonea huruma, kisha nikakumbuka: ligi nyingi hufungua dirisha hilo usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Wenzako wote wanakoroma, wewe uko kazini na mapumziko ya dakika 15. Mwaka jana zamu yako ilikuangusha. Haijaandikwa popote kwamba itakuangusha daima.

Wewe lakini hukuniambia unataka ubingwa. Barua nzima unazungumzia mkia. Hilo sikulaumu nalo, saa 15 za mgahawani si mchezo, ila linabadilisha hesabu. Anayeogopa mkia ana haki ya kununua bima ambayo anayetaka kombe hainunui. Unataka kipi zaidi?

Kuna njia nyingine ambayo hukuitaja, sijui kama uliifikiria. Nafasi ya pili inaweza pia kukupa Ja'Marr Chase wa Cincinnati, kama wa kwanza hakumchukua. Huyo ni mpokeaji, na 2024 aliongoza NFL nzima kwa kudaka, kwa yadi na kwa tachidauni: 127, 1,708 na 17. Wapokeaji hawana pingu. Mpokeaji akiumia, mipira yake hugawanywa kwa wanne watano na hakuna wa kumrithi. Ukienda njia hiyo, suala la Allgeier na D linakufa siku hiyo hiyo. Gharama yake ni kwamba wakimbiaji utawatafuta baadaye, kwenye la 23 na kuendelea, pamoja na umati, na wale ndio wenye magoti yanayolia. Umesema Bijan umempania. Sikutoi kwake. Nataka tu uingie ukijua mlango huo upo.

Tarehe yenu ya mwaka huu ni nzuri kuliko ya mwaka jana. Barua yako ilipofika, ungeniuliza msaidizi wa McCaffrey ni nani ningekuambia Guerendo yule yule wa tachidauni mbili. Siku chache baadaye San Francisco wakamleta Brian Robinson kutoka Washington. Na Mason wako wa sambusa? Alihamia Minnesota Machi 2025. Waliofunga pingu zao San Francisco katikati ya Agosti sasa wanatafuta fundi wa kuzikata. Wewe mpaka tarehe 31 timu zitakuwa zimeshapunguza watu, na ukiangalia orodha ya Atlanta asubuhi ile utakuwa umeshaondoa nusu ya kilichokuumiza.

Nimemwacha D mwisho kwa makusudi. Alichosema chumba cha mapumziko kinaweza kuwa kweli. Kinaweza pia kuwa chambo. Akikutisha ukamchukua Allgeier kwenye la 74, ameshakushinda bila kutumia chaguo lake hata moja. Na akimchukua kweli kwenye raundi ya sita ili akukomoe, amekaa na msaidizi benchini mahali ambapo angekuwa na mchezaji, na atamwona kila wiki akinywa maji hadi amchoke. Kuna watu hufurahia hilo hata wakipoteza. Je, D ni wa aina hiyo? Wewe unamjua, mimi simjui. Ninachokiona kutoka huku ni kwamba sehemu kubwa ya swali lako ni "nifanye nini asinicheke tena," na hilo raundi ya nane hailijibu wala ya kumi na mbili. Alikucheka kwa sababu ulikubali biashara ya asubuhi. Kama ukitaka kujiwekea sharti moja tu mwaka huu, mimi ningetazama hapo: biashara yoyote inayokuja ukitoka zamu, mwambie nitakujibu kesho. Collins angekuwa bado Collins kesho yake.

(Kama dola 50 za ligi ni kamari au si kamari, hilo muulize shehe wako. Mimi fani yangu inaishia kwenye mstari wa tachidauni.)

Nikiwa mahali pako Jumamosi usiku ningefanya kitu kimoja. Ningeandika kwenye karatasi majina ya watu ninaowataka kwenye jozi ya 95 na 98, na kwenye jozi ya 119 na 122. Halafu ningeliweka jina la Allgeier kati yao na kuona linakaa wapi bila mkono kutetemeka. Linaweza kukaa juu. Linaweza lisikae kabisa, na badala yake ukajikuta umeandika msaidizi wa mkimbiaji wa D. Ukilala ukaamka na karatasi ile ile bado inakuridhisha, nenda nayo. Isipokuridhisha, bado una asubuhi nzima, na Jumapili huna zamu.

Niandikie tarehe mosi Septemba, uniambie D alikuwa nafasi ya ngapi na uso wake ulikuwaje zamu yako ya tisa. Na msalimie mkeo. Mwambie mjomba anauliza, ile asubuhi alipokuja kukuchukua, alikaa akaagiza na yeye moja au alikungoja garini?